Mwenye Sukari Aliyekosa Sukari

Lundi, tarehe 9

Nimeamuka mbele ya wote, kama kawaida. Makala, maji, chai ya yaya Masika, dada yangu mukubwa. Bila sukari. Tangu waseme ana ugonjwa wa sukari, nimeiondoa yote nyumbani. Hata ndizi za kuiva nimegawia majirani. Nani mwingine hapa Murara angejua hivyo? Mimi nilifanya kazi famasi ya Butembo. Kulinda mulango, ndiyo, lakini masikio yalikuwa ndani.

Binti yake Neema anajitayarisha kwa Exetat, mutihani wa mwisho wa sekondari, section biochimie. Alikuwa anasoma kwa sauti: cellule, ile chembe ya mwili, inachoma sukari pamoja na hewa, nguvu inayotoka inaitia ndani ya kitu kama batri ndogo, batri inaisha, inachajiwa tena, siku nzima. Hata bugali, tumboni unageuka sukari. Nikasema cellule ninayojua mimi ni ile ya polisi, na humo sukari haikuingia hata kijiko. Yaya alicheka mpaka akakohoa. Nikaongeza nilivyobeba mufuko wa samaki toka Vitshumbi mpaka Rutshuru bila kula, nikafika nikiimba.

Neema akanijibu, mimi mujomba wake: "Tonton, ulikuwa unakula mafuta yako mwenyewe."

Mutoto wa juzi. Lakini neno la bugali limebaki kichwani.

Mardi, tarehe 10

Nimepunguza bugali wa yaya. Akasema ana njaa. Nikasema njaa ndiyo dawa. Kule mutaa wa Mapendo, tunapopigaga soga jioni, niliwaelezea wanaume, wakaniita docteur. Siku nzuri.

Mercredi, tarehe 11

Naandika usiku.

Asubuhi yaya alijidunga insuline yake, kipimo kilekile. Uji ulikuwa tayari. Niliuondoa. Nilisema uji ni sukari iliyojificha.

Akaanza kutoka jasho. Kutetemeka. Akaniita kwa jina la baba yetu, na baba tulimuzika zamani. Jirani, Mama Furaha, alimuona tu, akakimbia kuleta chai yenye sukari. "Papa Kambale, munyweshe haraka! Mama yangu alikuwaga hivi!" Nikapiga kikombe. Nikapiga kelele: "Ana sukari! Unataka kumuongezea?" Kikombe kikapasuka. Yaya akaanguka.

Neema alirudi toka bombani, akatupa bidon ya maji. Wakamupeleka yaya na pikipiki, mutoto amemushika kwa nyuma. Mimi nilikimbia kwa miguu.

Kwenye centre de santé, kituo cha afya, wakamutia serumu ya sukari kwenye mushipa. Sukari! Akafungua macho kama mutu aliyeitwa.

Infirmier, muuguzi wa pale, akauliza nani alimunyima chakula. Nikasema ni Neema, ni yeye alisoma kwamba bugali ni sukari. Mutoto alinitazama.

Niko mutu mubaya.

Jeudi, tarehe 12

Infirmier ameeleza. Kwa mugonjwa wa sukari, sukari inabaki ndani ya damu, haiingii kwenye cellules. Insuline inafungua mulango. Ukifungua na hakuna chakula kinachokuja nyuma, ile ya damu inaingia, inaisha. Ini lina akiba yake, misuli pia. Ubongo hauna. Ndio unazimika wa kwanza.

Dada yangu alikuwa anazimika mbele yangu. Nikashikilia neno. Neno moja, jina la ugonjwa na jina la chakula. Nilipiga kikombe sababu ya neno.

Halafu infirmier akamugeukia Neema: aache kupotosha watu na masomo ya nusu. Neema akamujibu, "Ndiyo, papa." Nilikuwa pale. Nilitazama viatu vyangu.

Samedi, tarehe 14

Yaya amerudi. Nilitayarisha maneno mengi, yakatoka mawili: ni mimi.

"Najua. Nilikuwa nimelala pale, sikufa. Nenda na mutoto wangu, ukayaseme kwa infirmier."

Nimeyasema, wagonjwa wote wa kwenye benchi wakisikiliza. Mama mumoja alicheka. Neema alisimama kando yangu, hakunisaidia, na sikustahili. Mama Furaha nilimuomba pole mulangoni kwake. Akasema, "Na kikombe changu?"

Mapendo sikwenda.

Dimanche, tarehe 15

Nimepika bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Yaya alishika sindano, akatazama sahani, akamutazama Neema. Neema akatikisa kichwa, sawa. Akajidunga, akaanza kula. Mimi hakunitazama. Nilikaa karibu na mulango, nikimusikiliza akitafuna mpaka akamaliza.