Siku ya Kusafisha Msitu

Jumatatu, 3 Machi

Mchoro umepita! Kamati nzima imenyoosha mikono. Msitu ule mdogo nyuma ya zahanati sasa ni bustani ya watu wote, na aliyeichora ni mimi. Njia moja nyembamba, inapinda, kila kona imezibwa na vichaka usijue mbele kuna nini. Mabenchi machache. Basi. Baba mdogo, ndiye mwenyekiti wetu, kauliza mara mbili geti liko wapi. Hakuna geti, baba. Sasa watu watajuaje kama wameshaingia? Wote tukacheka. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi

Suala la geti limerudi kwenye kamati. Mwalimu mkuu, mjumbe mwenzetu, naye anataka mawe yaliyopakwa chokaa kandokando ya njia, na vigogo vya miti vipakwe pia, mpaka usawa wa kiuno. Miti ivae soksi! Nikamuuliza kwa nini. Eti ionekane inatunzwa.

Jambo moja tu wamelikubali bila ubishi: Jumamosi watu waje kuokota taka. Chupa, mifuko, matairi. Tangazo nimeliandika mwenyewe, kwa maneno ya wazi kabisa: Njooni tuokote taka msituni, leteni glavu na magunia. Baba mdogo kalichukua akalibandike.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kununua mkate, nikalikuta tangazo mlangoni mwa duka. NJOONI TUSAFISHE MSITU. Tusafishe! Glavu hakuna, magunia hakuna. Imebaki "leteni vifaa vyenu".

Nikaenda moja kwa moja kwa baba mdogo. Ndiyo, kabadilisha yeye, tena bila wasiwasi wowote. Huwezi kuwaambia watu wazima waokote taka, ni kuwadhalilisha. Kusafisha ni neno la heshima. Na si ni kitu kilekile?

Si kilekile! Hapa kwetu mtu akikwambia amesafisha shamba, ujue amefyeka mpaka udongo unaonekana. Nikamwambia: baba, watakuja na mapanga. Akanitazama kwa huruma.

"Sasa mwanangu, msitu tuusafishe kwa ufagio?"

Nilitaka kupasuka. Sikupasuka, kwa sababu ni baba yangu mdogo, na mkewe alikuwa ameshanitengea sahani. Nimekula huku nimenuna. Kubadilisha tangazo hataki, watu wameshasoma. Nyumbani nako mama ananisuta, nisimvunjie heshima shemeji yake. Na heshima yangu mimi je? Mchoro wangu je?

Jumamosi, 8 Machi

Naandika humuhumu msituni, nimekaa chini.

Wamekuja wengi kuliko walivyowahi kuja kwenye mkutano wowote. Mapanga, majembe, mafyekeo. Nilidamka, lakini nilikuta wameshaanza. Nimekimbia huku na huku kama mwehu: jamani, vichaka ndiyo msitu wenyewe! Hii miche midogo ndiyo itakayoshika zamu miti mikubwa ikianguka! Wananiitikia vizuri tu. Sawa dada, wewe pumzika, tutakumalizia. Wanataniana, wanaimba. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote — hakuna hata mmoja wa kumchukia!

Mama yangu mzazi kaifyeka kona yangu ya kwanza. Kajifunga kitambaa kichwani, jasho linamtiririka, ananiita nikaone. Ukisimama hapa sasa, anasema, unaona mpaka dirisha la zahanati. Ndiyo mama. Unaona. Na chupa ziko palepale, wamezikwepa wasiharibu makali ya mapanga yao.

Huko chini kote kumekwisha, kweupe. Kimebaki kipande cha juu, penye vichaka vizito na miche mingi. Maneno yameniishia, kwa hiyo nimeingia katikati yake nikakaa. Sitoki!

Wamesimama pembeni, wananong'ona. Masikini, mtoto wa watu kachoka, mpeni maji. Maji yameletwa. Nimekunywa, nimeshukuru, sikuinuka.

Sasa baba mdogo anakuja mwenyewe, panga mkononi, anatabasamu. Wengine wanamfuata nyuma. Kainama, kaniwekea mkono begani. Ananiambia kwa upole nisogee kidogo, hapo nilipokaa bado pachafu.