Gesi Jichoni, Ng'ombe Nyumbani

Jumamosi, 7 Juni

Matone ya asubuhi, kisha uso chini. Kigoda, mto juu ya kigoda, paji la uso juu ya mto. Daktari ametia kiputo cha gesi ndani ya jicho la kushoto ili kiubane utando wa nyuma uliokuwa umebanduka. Kiputo hupanda juu kama hewa yoyote. Nikiinama, kinakaa penye jeraha. Nimeelewa na silalamiki. Kuandika hakupingani na amri hii, maana daftari liko sakafuni.

Ya kuangaliwa: vimulimuli vipya vya mwanga, madoa meusi mengi ya ghafla, kivuli kinachoingia kutoka pembeni kama pazia, maumivu yanayozidi. Leo hakuna. Jicho hilo linaona ukungu na mwanga tu.

Mume wangu Jumba ameacha maziwa yakafurika. Alitumikia reli mpaka akastaafu, na hajui kuchemsha maziwa. Chai ilikuwa mbaya. Niliinywa yote kwa mrija.

Jumapili, 8 Juni

Akina mama wa kanisa walikuja baada ya ibada. Chumba kikajaa. Nilisalimu viatu. Mama Eboso, jirani wetu hapa mtaani Ziwani, hakuridhika. Alitandika leso sakafuni, akalala chali chini ya kigoda changu.

"Sasa nakuona, Mwalimu. Mbona umenona hivi? Sisi tumekuja kulia!"

Walicheka mpaka mama aliyeongoza sala akakosa pa kuanzia. Nami nilicheka, ingawa kucheka kunatikisa kichwa. Ni yeye ninayepaswa kumshukuru. Nguo zake ndizo zilizonionya: mwezi uliopita nilitazama kamba yake ya kuanikia, nikaiona imepinda katikati na nusu ya nguo imemezwa na giza. Nilidhani kamba imelegea. Nilitaka kumgombeza.

Jumatatu, 9 Juni

Kageha alipita akitoka Kayole. Ni binti wa kaka yangu Luvai. Jumamosi mchumba wake na wazee wao wanafika nyumbani Maragoli kuzungumza mahari.

"Shangazi, uko aje? Hiyo macho iko fiti?"

Nilimwambia ni jicho hilo, na ni moja. Alinibusu kisogoni, maana ndicho kilichokuwa wazi.

Katika ukoo wetu ng'ombe hapokewi kabla shangazi wa binti hajamshika mkono mbele ya wageni na kumwuliza kama anamtaka mtu huyu. Binti akijibu, shangazi ndiye anayepeleka neno kwa wazee. Mama mzazi haruhusiwi, wala baba. Luvai hana dada mwingine. Kageha hakuniomba chochote. Aliosha vyombo, akachukua leso yangu ya bluu ili aivae siku hiyo, akaondoka. Kesho anatangulia nyumbani.

Jumatano, 11 Juni

Luvai amepiga simu mara tatu. Anasema bila mimi hawapokei hata kuku.

Nimesoma tena ukanda wa manjano niliofungwa mkononi hospitalini. Unakataza ndege mpaka gesi iishe. Haukatazi gari. Nitasafiri nimeinamia mto mapajani. Jumba anataka tuwapigie hospitali kwanza. Nimemwambia nilifundisha watoto kusoma, sihitaji kusomewa. Alienda kukaza msumari wa dirisha ambao haukuwa umelegea.

Najisikia vizuri. Nitamshika Kageha mkono.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekosea.

Tuliondoka alfajiri kwa gari la Luvai, aliyekuja kutuchukua. Barabara ilianza kupanda nami sikujali. Kupita Limuru, jicho likaanza kukaza, kana kwamba kuna mtu analijaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Nilizidi kuinamia mto. Karibu na Kimende maumivu yalifika kwenye jino, nikatapika ndani ya mfuko. Nilifunika jicho zima kwa kiganja. Jicho la kushoto halikuona hata mwanga.

Nilisema, "Sioni."

Luvai: "Dada, vumilia kidogo. Mbele tunateremka Naivasha."

Jumba alinishika bega. "Geuza gari, shemeji."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe wana macho mawili kila mmoja. Geuza."

Aligeuza. Tulipokaribia Kikuyu mwanga ulirudi, mchafu kama maji ya mchele. Nililia. Sijui kama machozi yanaruhusiwa.

Hospitalini daktari alipima. Gesi huvimba mtu apandapo juu, kwa ndege au kwa barabara. Mlima haujali chombo. Shinikizo la jicho lilikuwa limepanda mno. Nikapewa dawa, nikakalishwa, likapimwa tena. Limeshuka. Utando bado umeshika. Alinionya kwa upole. Nilistahili ukali.

Luvai alitushusha nyumbani, akaondoka tena peke yake. Hakuniaga vizuri. Naogopa juu ya jicho, na naogopa juu ya kesho.

Jumamosi, 14 Juni

Uso chini. Hakuna maumivu. Jumba alimpigia Luvai, akaweka simu sakafuni, chini ya pua yangu, sauti ikiwa wazi.

Nilisikia kuku, sufuria, wazee wakibishana kama shangazi wa simu ni shangazi. Mmoja akasema huenda kesho mabinti wataozwa na redio. Luvai ndiye aliyewajibu, kwa hasira:

"Jana alitaka kupofuka kwa sababu ya binti huyu. Mnataka ashangazi zaidi ya hapo?"

Hakuna kitenzi kama hicho. Sikumsahihisha.

Wazee wakamwita binti. Kageha akaja karibu na simu. Alisema amejifunga ncha moja ya leso yangu mkononi, na kwamba huo ndio mkono wangu. Nikamwuliza mbele yao wote kama anamtaka mtu huyu.

"Namtaka, Shangazi."

Kwa ufasaha kabisa. Nikapeleka neno kwa wazee. Vigelegele vilipasua spika ya simu. Jumba alichemsha chai. Haikufurika.

Alhamisi, 19 Juni

Tangu juzi nimeruhusiwa kuinua kichwa. Leo nimeamka na kukuta mstari mweusi ukitikisika jichoni. Sikujifanya mjuzi, nilipiga simu hospitali mara moja. Muuguzi aliuliza maswali, kisha akacheka kidogo. Kiputo kinapungua, na huo ni ukingo wake. Nitaona juu ya mstari kwanza, nao utashuka siku kwa siku.

Kweli. Juu ya mstari niliona dari. Ina utando wa buibui. Jumba ameambiwa.

Jumapili, 29 Juni

Kiputo kilikuwa kama punje ya choroko juzi, jana kama kichwa cha pini. Leo sikukiona. Daktari alithibitisha Ijumaa kwamba utando umelala vizuri. Alisema kiputo kikiisha na ukanda utolewe. Jumba ameukata kwa mkasi wa jikoni.

Kageha ameleta leso, imefuliwa na kupigwa pasi. Ncha moja bado ina mikunjo ya fundo. Sitainyoosha.

Jioni nilifunika jicho la kulia, nikasimama dirishani. Mama Eboso alikuwa akianua nguo. Mashati mawili, shuka, soksi za watoto. Kamba imenyooka kutoka nguzo hadi nguzo.

Ameinua mkono. Nami nikainua wangu.