Mbwana, Nataka Kuzing'oa Pedali Zako

Mbwana, mwenzangu,

Sikuulizi hali. Kumuuliza hali mtu aliyelala makaburini ni dharau, na dharau yangu yote ya leo nimeziwekea pedali zako. Nataka kuzing'oa. Ndilo linaloniandikisha barua hii, nisikuzungushe.

Baiskeli yako ninayo mimi. Baada ya arubaini yako mkeo Bi Zuhura aliniita, nikasimama ukumbini, yeye yuko nyuma ya pazia na eda yake, akaniambia, "Iendeshe, shemeji, isije ikaota kutu. Lakini usibadilishe kitu." Nikajibu inshallah. Nilidhani nakubali baiskeli, kumbe nakubali adhabu.

Hebu nikuulize, maana ulipokuwa hai hukunijibu sawasawa. Ulimwengu mzima watu wana pedali bapa. Waweka mguu, wasukuma, ukichoka wauondoa. Hata mtoto hafundishwi. Wewe ukanunua baiskeli ya mbio kwa yule mhandisi mgeni aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao, na pedali zake hazina hata pahali pa kukanyaga! Kidude tu kama komeo la mlango wa choo. Na viatu vyake, vigumu kama ubao, vina pande la plastiki chini ya soli, ulitie kwenye komeo, tak, mguu umenaswa. Wataka kutoka? Pinda kisigino nje. Ukisahau, shauri yako. Sijaona upumbavu uliosafirishwa kutoka mbali namna ile.

"Raha, yakhe," ukaniambia pale barazani, watu wakibishana habari za vyama vingi, wewe wawabishia habari za miguu. "Mguu na baiskeli vimeoana."

Nikakwambia ndoa ambayo talaka yake ni kupinda kisigino mimi siitaki.

Na siku ya pili tu talaka ikakushinda. Wakumbuka? Mzee Shee ametoka msikitini, wewe waja na mbio zako. Kwetu mzee hasalimiwi mtu akiwa juu ya baiskeli, kama kunguru aliye ukutani. Mtu husimama, akatia mguu chini, ndipo akaamkia. Ukasimama vizuri. Mguu ndio haukuja. "Shikamoo," ukasema, na huku waanza kulala upande, polepole, huna haraka, mpaka ukafika chini na baiskeli imekushika miguu yote miwili. Naye Mzee Shee, mtu wa adabu zake, akakungoja umalize kuanguka, ndipo akaitika, "Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?" Nawe ukamjibu ukiwa mchangani! Wanawake waliopanga ndoo kwenye bomba wakacheka hata maji yakawamwagikia.

Mtu mwingine angezitupa pedali hizo jioni ile. Wewe ulisema ni mazoezi.

Sasa nikubali jambo moja, na nalikubali kwa kinyongo. Siku ile tulipokwenda Mazeras kumtazama mjomba wako, mimi na pedali zangu bapa, wewe na mitego yako, kwenye vile vilima uliniacha kama nimefungwa jiwe. Nilipofika wewe umeshakula dafu. Ukasema hata nyayo hazikuumi. Nilikuamini, na ndipo nilipokuchukia zaidi. Lakini Mazeras twaenda mara ngapi? Sisi safari yetu ni kutoka Magongo kwenda kiwandani Changamwe, na njia nzima ni kusimama. Trela zimefunga barabara, simama. Mbuzi, simama. Huyu amefiwa, huyu amejifungua, huyu ataka tu kujua kwa nini jana hukumpitia, simama, simama. Pedali hizi zimebuniwa na watu wasiosalimiana.

Basi ukafa. Presha, na kitandani kwako, wala baiskeli haikuhusika, ijapokuwa wako waliojaribu kuisingizia. Nami nikaanza kuvaa viatu vyako, maana Mungu alitupa miguu ya kipimo kimoja. Kipimo ndiyo, lakini mwendo sio. Wewe ulikuwa watembea nyayo zimenyooka kama askari wa gwaride. Mimi zangu zaelekea nje kama za bata, wajua. Kiatu chako kikinasa, mguu wangu walazimishwa kunyooka, na goti la kushoto lalia njia nzima. Nikampelekea fundi Kombo alizungushe lile pande la chini ya soli. Akajaribu, skrubu zimeshika kutu kwa jasho lako. "Marehemu alizikaza," akasema, "kama aliyejua utakuja wewe."

Nikavumilia. Lakini wiki iliyopita, wallahi, ilitosha. Nimetoka kazini, jeneza hilo laja mbele yangu, watu wengi, hata sijui la nani. Mtu hapiti jeneza amekaa kwenye kiti cha baiskeli. Hushuka, akaingia chini yake, akatia bega hatua chache. Nikapinda kisigino cha kulia, kikatoka. Cha kushoto nikapinda, goti likakataa. Nami nimeegemea kushoto.

Nilianguka mbele ya maiti, Mbwana. Waliobeba ikabidi wakate kona. Mzee mmoja akanitazama pale chini akasema, "Mpisheni, huyu ana haraka, ataka kutangulia." Na watu waliokuwa wakitaja Mungu wakauma midomo, mabega yakawatikisika, na jeneza nalo likatikisika. Bega langu halikufika kwenye jeneza lile. Mpaka nimekwamuka wameshapinda njia ya makaburini.

Asubuhi yake nikaja kwenu kuchukua baiskeli, maana yalala ukumbini, chumba changu hakiitoshi. Nimevaa makubadhi. Nia yangu niikokote mpaka kwa Kombo, pedali zing'olewe, shemeji hatajua, yuko ndani, hatoki. Nimeshafika kwenye kona namsikia mama mkwe wako aniita, na kanga yake mkononi, hata hakuwahi kujitanda.

"Wewe! Zuhura auliza, leo huendi kazini?"

"Naenda, mama."

"Mbona hatukusikia tak?"

Sikuelewa. Akanieleza, na haraka zake zote zikamwisha. Kumbe miaka yote ile, ukitoka alfajiri, Bi Zuhura akiwa jikoni na chai yake, akisikia kiatu chako kimenasa mlangoni, huitikia palepale, "Nenda salama." Si kwa sauti ya kukufikia. Yeye na sufuria yake. Ulipokufa akanyamaza. Nilipoanza kuiendesha mimi, siku ya kwanza tak, akajikuta amesema. Na kila siku tangu hapo. "Leo," mama akaniambia, "amekaa na neno lake mdomoni. Chai imemwagika jikoni, hata hajaiona."

Hukuniambia, Mbwana. Barazani ulinitolea hotuba za misuli na vilima, na kisa chenyewe hiki hukukitaja. Au hata wewe hukukijua? Nafikiri hukukijua. Ulikuwa nje umeshaondoka.

Nikarudi, nikavitwaa viatu vyako, maana navyo hulala hapo ukumbini, nikavivaa palepale kizingitini, nikanasa, tak, kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika. Nikaenda kazini na goti langu.

Mchana kutwa niliwaza, na jioni nikaenda kwa Kombo. Nikamwambia aing'oe ya kushoto tu, anitilie bapa, ya kulia aiache. Akaweka spana chini. "Mguu mmoja Magongo, mmoja Ulaya?" Nikamwambia afanye kazi yake.

Kwa hiyo ujue hali yangu. Mguu wa kulia, kiatu cha mbio. Mguu wa kushoto, kubadhi. Goti limepoa. Nikikutana na mzee natia mguu chini kama binadamu. Nikikuta jeneza nashuka kwa utulivu na nabeba, ijapokuwa natembea kama mtu mwenye mguu mmoja mrefu. Vijana wa stendi wameshapata kazi: "Mzee, kimoja chaenda mbio, kimoja chaenda sokoni!" Mimi niliyekucheka miaka yote ile barazani sasa nikifika baraza nzima yakohoa. Hili nalo nakudai, nitakuja kulidai huko huko.

Lakini alfajiri, mlangoni kwenu, nanasa kile kimoja. Namngoja amalize neno lake, ndipo naondoka.

Sharti lake nimelivunja nusu, na yeye hajui. Eda yakaribia kwisha, atatoka nje, ataniona na miguu yangu miwili isiyojuana. Nakuahidi sitajificha wala sitazunguka uchochoro. Akicheka, nitajua ameshapona kidogo, na siku hiyo hiyo hii ya kulia nayo itang'oka. Akilia, basi, nitakwenda na kiatu kimoja mpaka soli iishe, na ikiisha nitamtafutia Kombo kazi ya kuitengeneza.

Lala, yakhe. Mungu akupe nafasi ya kunyoosha miguu.

Mwenzako wa barazani