Kucha za Mama

Mtaa wa Majengo,
Tunduma.
2 Novemba 2009

Mpendwa wifi yangu Yunisi,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye vumbi la mpakani. Natumaini wewe, baba yako mzee Yonasi na mwanao Agnes hamjambo, na kwamba mvua za kwanza zimeshafika Ikinga. Mimi naumwa, ila leo napumua vizuri. Najua utashangaa kuuona mwandiko wangu baada ya miaka kumi na minne. Nakuita wifi ingawa kaka Ambwene alikurudisha kwenu, kwa sababu hakuoa tena na sikuwahi kupata wifi mwingine.

Siku hizi nalikumbuka sana jiko la mama kule Ibaba. Nakumbuka ukungu ukiingia mlangoni bila hodi, sisi wawili tukimenya viazi, wewe ukiiga sauti ya mzee wa kanisa hadi mama anacheka na kikohozi kinamkamata. Unakumbuka miguu yake ilivyovimba, hata malapa hayaingii? Jioni ulikuwa ukiikanda kwa maji ya moto, kisha unazipaka mafuta zile kucha zake nene za njano, huku mnanong'onezana mambo yenu. Nimeishi nyumba nyingi tangu hapo, wifi, na hakuna ninayoitamani kama ile.

Sasa sikiliza. Mwaka juzi kucha zangu nazo zilianza kugeuka njano. Niliona aibu, maana nauza vitenge na wateja wanaitazama mikono yangu kutwa. Jirani yangu Mwasiti, mwenyeji wa Tanga, alipomwoza binti yake Naila mwaka huu, nami nikajipenyeza nikapakwa hina, Mmoraviani mzima! Mchungaji aliitazama mikono yangu akatikisa kichwa. Baadaye miguu ikavimba, kikohozi kikaja, nikawa napanda ngazi tatu napumzika. Nilipimwa kifua kikuu mara tatu, hakikuonekana.

Aliyegundua ni Mwasiti. Miezi minne baada ya harusi aliweka mkono wake kando ya wangu, akasema hina yake ya siku ileile imeshasogea hadi karibu na ncha ya kucha, yangu iko palepale kwenye shina. Akaniuliza mara ya mwisho nilikata kucha lini. Sikukumbuka. Alinipeleka mwenyewe hospitali huko Mbeya, akamweleza daktari hivyo hivyo. Daktari alizichunguza kucha, akabonyeza miguu, akatoa maji yaliyokuwa yamejaa kuzunguka pafu, akanieleza kuwa yote matatu ni ugonjwa mmoja, tena wa nadra sana. Alisema mwilini kuna mishipa myembamba inayokusanya maji na kuyarudisha kwenye damu. Yangu haifanyi kazi vizuri, ndiyo maana maji yanabaki miguuni na kifuani, nazo kucha zinakuwa nene, za njano, na karibu hazikui kabisa. Hauambukizi. Kwa kawaida haurithiwi, ila nilipomsimulia habari za mama alisema mara chache umeonekana kwa ndugu wa damu. Dawa ya kuumaliza hakuna, lakini maji yanatolewa na miguu inafungwa bandeji.

Nililia njia nzima ya kurudi Tunduma, na sikuwa najililia mwenyewe.

Yunisi, ulifukuzwa kwa sababu ilisemekana umeonekana ukifunga vipande vya kucha za mama kwenye pindo la kanga ili umpelekee mganga. Hukuambiwa nani alikuona. Ni mimi. Na sikuona kitu. Mama alipotaka kukandwa miguu alikuita wewe, si mimi aliyenizaa, na wivu ulinila vibaya. Nilimnong'oneza shangazi Elizabeti, kesho yake likawa jambo la wazee. Mama alikutetea, wifi. Aliwaambia kucha zake hazikui, hajazikata zaidi ya mwaka, sasa hivyo vipande vimetoka wapi? Wazee wakanigeukia mimi binti yake. Nikasema homa imemchanganya. Wakaniamini mimi, ukaondoka na Agnes mgongoni. Mama aliishi miezi saba tu baada ya hapo, na hakuniruhusu tena nimguse miguu.

Nimemweleza Ambwene yote. Alitoka nje, na aliporudi akauliza kama bado unaishi kwa baba yako. Hakuuliza kingine. Jumapili ya tarehe 15 nitasimama kanisani Ibaba, baada ya matangazo, niyaseme haya mbele ya wazee waliobaki. Pumzi ikinikatikia, yeye atanisomea. Kuja au kutokuja ni juu yako, na wala sikuombi unisamehe upesi ili mimi nipate nafuu.

Nisalimie mzee Yonasi, ukimwambia sina uso wa kumtazama. Nasikia hata shuleni Agnes wanamwita mtoto wa mchawi. Nakuomba umsomee barua hii yote, mwanzo hadi mwisho, na ukifika kwenye jina langu usiliruke.

Ni mimi niliyekusingizia,
Ikupa