Sigara za Papa nilizokuwa nikiziwasha

Kiki rafiki yangu, tangu Papa afe kwa kansa ya mapafu, Jumatatu ya wiki iliyopita, nilikuwa namlilia yeye. Leo najiogopea mimi.

Nimeenda kwa daktari na kile kikohozi changu cha tangu Pasaka. Akauliza kama navuta sigara. Nikasema sijavuta hata siku moja.

Tantine Marie-Thérèse, dada yake Papa, aliyenisindikiza, akacheka! Kiki, akacheka mbele ya daktari: «We Keren, bongo gani hiyo, unadanganya docteur! Sigara za baba yako nani alikuwa anaziwashaka ku mbabula?»

Unakumbuka, kule Katuba? Naiweka mdomoni, nainamia makaa ya mbabula, lile jiko letu, navuta mpaka iwake, nampelekea.

Nikasema: «Docteur, nilikuwa mutoto.»

Daktari hakucheka. «Ngapi kwa siku?»

Nikamwambia kama kumi. Toka nikiwa na miaka sita mpaka kumi na tano, mwaka Papa alipoacha.

Kiki, Papa alikuwa ameacha miaka kumi na minane! Tulidhani yamekwisha. Daktari anasema kuacha kunapunguza hatari, hakuifuti.

Njia nzima Tantine alinishika mkono.

Alhamisi saa mbili asubuhi napigwa picha ya mapafu.