Nyumba Iliyokatwa kwenye Mkunjo

Duka la Ushonaji, chumba cha nyuma,
S.L.P. 418.
9 Agosti

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye meza ya kukatia, vitambaa nimevisukuma pembeni, na kabla sijagusa habari yoyote nataka kwanza kujua magoti yako yanasemaje kwenye baridi ya huko. Ile dawa ya kuchua uliipata? Na usingizi unakuja, au bado unaamka alfajiri unazunguka nyumba nzima ukitafuta la kufanya? Sisi huku ni wazima. Mafua yalinishika wiki mbili, yakaniachia. Mume wangu hajambo, ila kila akiona ninavyoandika anwani yako hucheka, eti jina la mtaa wenu linahitaji bahasha mbili.

Kaka yako naye hajambo, tena zaidi ya hajambo. Mtoto wa jicho ametolewa, jicho la kulia mwezi wa tatu, la kushoto mwezi wa tano, na tangu bandeji itoke anatazama kila kitu kama kimeletwa jana. Juzi nilimkuta mbele ya rafu ya nyuzi akitaja rangi moja moja kwa sauti ya chini, ya samawati, ya kijivu, ya ugoro. Nilikaa kwenye ngazi nikamsikiliza mpaka akamaliza, na kazi ikanisubiri. Unanijua. Si bure ulinipa jina la Mawazo.

Shangazi, nina habari ya nyumba. Najua Baba alikwambia kwa simu kwamba mjenzi amemwibia nusu ya nyumba. Safari hii hakutia chumvi, nyumba kweli ni nusu. Ila naomba uivumilie barua hii mpaka mwisho, maana mwizi mwenyewe unamfahamu.

Nianze na mchoro. Baba hakutaka mchora ramani. Alisema amekata nguo za watu miaka arobaini, hawezi kushindwa na vyumba viwili vitatu. Akachora mwenyewe, kabla macho hayajafunga kabisa, kwenye karatasi ya kaki, kwa ile rula yake ndefu ya mbao, na akachora kama anavyochora shati. Unakumbuka anavyofanya: kitambaa anakikunja mara mbili, anachora nusu tu, na pale penye mkunjo anaweka mstari wa nukta nukta. Ukikata na kukunjua, nusu ya pili inajitokeza yenyewe. Nyumba nayo aliichora hivyo. Upande wake kuna chumba, bafu na jiko dogo, kisha ukumbi wa kukaa pamoja, na katikati ya ukumbi zikapita nukta. Upande wa pili hakuuchora, kwa sababu kwa hesabu zake haukuhitaji kuchorwa. Ulikuwa wako.

Mjenzi wetu watu wanamwita Timazi, kwa ajili ya kile kipande cha chuma cha kupimia ukuta, kinachoning'inia kwenye uzi, ambacho hakimtoki mfukoni. Hata akikaribishwa kwa watu hukitoa kwanza akapima kama mlango umesimama wima, halafu ndiyo anaitikia salamu. Ni mtu wa maneno machache. Mkataba wao ulikuwa mstari mmoja tu: nyumba ijengwe kama ilivyo kwenye mchoro. Habari ya mkunjo Baba hakumweleza. Kwake yeye hakuna mtu mzima asiyejua maana ya nukta.

Baba akabaki nyumbani akisubiri zamu yake ya hospitali, mimi nikawa naenda kiwanjani kila Jumamosi kumwangalizia. Siku ile wanapiga kamba za msingi, Timazi alinijia na karatasi mkononi. Akataka kujua nukta hizi ni nini, na mbona mlango wa mbele umechorwa mwembamba hivi. Mlango huo, Shangazi, Baba aliutaka wa mbawa mbili, nao ulikuwa juu ya mkunjo, kwa hiyo kwenye karatasi ilionekana mbawa moja. Nilijua. Nimekulia chini ya meza hii ninayoandikia, maana ya nukta niliijua kabla sijajua kusoma. Nikamtazama Timazi, nikamwambia ajenge kama ilivyochorwa.

Wewe unajua kwa nini. Mwaka jana ulinipigia ukaniambia hutarudi tena, wajukuu wamekuzoea, magoti hayataki safari, na huku huna hata pa kulala. Ukaniomba nimwambie Baba taratibu, maana wewe ukimwambia atapandisha sauti, na wewe utapandisha. Niliitikia. Halafu nikakaa kimya mwaka mzima. Kila nilipojikaza nikafungua mdomo, Baba alikuwa ameshaanza habari za chumba chako, kwamba utaweka kiti hapa, na kule utaweka masanduku. Basi Timazi aliponiuliza, niliona jibu limejileta lenyewe. Nyumba itatoka nusu, lawama ataibeba karatasi, na mimi sitalazimika kusema neno.

Kuta zikapanda. Sikufichi, Jumamosi zile nilizipenda. Nilikuwa navua viatu nakaa kwenye chumba kisicho na paa, saruji bado mbichi inanukia, nikitazama mawingu yanavyoingia kwa ukuta huu na kutokea kwa ule. Jua lilipita kwenye matundu ya madirisha likalala sakafuni, likasogea polepole mpaka kwenye vidole vyangu, na mafundi wakasahau kwamba nipo. Nyuma yangu kulikuwa na majani matupu, mahali pa upande wako. Nilihakikisha nimeyapa mgongo.

Mwezi wa sita, macho ya Baba yakiwa yamefunguka, tukamhamisha. Timazi alikuja kutufungulia. Wapagazi wakafika mlangoni na kabati la marehemu Mama, halikupita. Wakaligeuza ubavu, wakatoa milango yake, wapi. Baba akawasogeza, akaingia yeye kwanza, naye akapita kwa ubavu. Akasimama ukumbini, akanyoosha mkono wa kulia kama mtu anayekaribisha wageni, na mkono ukagonga ukuta. Akaupapasa ukuta ule juu mpaka chini. Maneno aliyomwambia Timazi baadaye siwezi kuyaandika kwenye barua inayokwenda kwa mtu mzima.

Tangu hapo hawakusemeshana. Baba alikataa kutia sahihi kwamba amepokea nyumba, Timazi akafunga mlango na kuondoka na ufunguo. Kabati likarudi dukani, na hadi leo tunalikwepa tukienda kwenye pasi. Mtaa mzima ukasikia kwamba Timazi ni mwizi. Watu wawili waliokuwa wamempa kazi wakaghairi. Nilisikia hayo dukani, nikiwa nashona vifungo, na sikuinua uso.

Jumanne moja mwanzoni mwa mwezi wa saba ndiyo tuliitwa ofisi ya usuluhishi. Chumba kidogo, benchi mbili zinazotazamana, feni inayozunguka kwa uvivu, na karani mwenye mhuri. Msuluhishi ni mama mmoja mtulivu mwenye miwani ya kamba. Alimtaka Baba aeleze nusu iliyoibiwa iko wapi kwenye mchoro. Baba akasogea mezani. Aliomba karani ampe karatasi moja na mkasi. Akaikunja, akachora nusu ya shati bila hata kupima, akakata, na chumba kizima tukawa tunasikiliza mkasi. Kisha akaikunjua. Shati zima, mikono miwili, kola katikati. Akaliweka mezani mbele ya Timazi.

Timazi alilitazama muda mrefu. Aliligeuza, akaligeuza tena. Mwisho akasema kwa upole kabisa, "Mzee, matofali hayakunjuki."

Karani alicheka akajifanya anakohoa. Nikaona uso wa Baba unashuka. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza ilimwingia kwamba kuna watu wazima wasiojua mkunjo. Lakini msuluhishi hakumaliza. Alimgeukia Timazi akamuuliza kama mtu wa kazi yake anaweza kujenga mlango wa kupita kwa ubavu bila kuona ajabu. Timazi akasema aliona ajabu, na aliuliza. Akaulizwa alimuuliza nani. Akatazama sakafu. Alikuwa ananisitiri, Shangazi, mtu ambaye sisi tumemwita mwizi.

Nikasimama. Nikasema, "Aliniuliza mimi. Nilijua, sikumwambia."

Baba aligeuka akanitazama kwa macho yale mapya, na nilitamani ukungu urudi hata kwa dakika moja. Msuluhishi hakunichimba zaidi, nadhani aliona pameshachimbika vya kutosha. Wakakubaliana hivi: ukuta wa mwisho ubomolewe na nyumba iendelezwe mpaka itimie, vifaa juu ya Baba kwa kuwa hakueleza, kazi juu ya Timazi kwa kuwa hakumuuliza mwenye nyumba. Wote wakatia sahihi. Pale kwenye ngazi za ofisi, watu wakipita, Baba alimshika Timazi mkono akamwomba radhi kwa sauti ambayo hata wa ng'ambo ya barabara aliisikia.

Alasiri ile tukaenda kiwanjani, mimi na yeye tu. Majani yalikuwa yamefika magotini, na mwanga ulikuwa ule wa kulegea, unaofanya mtu asahau ni saa ngapi. Baba akaanza kutembea upande wako. Alikwenda hatua kadhaa, akapinda pale ukuta utakapopinda, akasimama, akaendelea. Nami nikamfuata nyuma, na sijui niseme nini, lakini nilijikuta napita mahali pa mlango na wala sikukata kona, kana kwamba kuta zimeshasimama. Tulizunguka jiko lako. Tulipita bafuni. Tukafika chumbani, akakaa chini kwenye majani, na mimi nikakaa mbele yake.

Hapo nikamwambia. Nilimwambia yote, simu yako, ombi lako, mwaka wangu wa ukimya. Nililia, sioni aibu kukuandikia hivyo. Aliniacha nimalize, akanifuta mavumbi kwenye bega.

"Siku ile alipopiga, mimi nilikuwa hapo hapo dukani," akasema. "Yaliyofunga yalikuwa macho, si masikio."

Kumbe alikuwa anajua, Shangazi. Mwaka mzima alijua, na kila alipoona najiandaa kusema, ndipo alipoanza habari za kiti chako na masanduku yako, makusudi, ili nisipate nafasi. Nikamuuliza, sasa alitaka nusu ile ajengewe nani. Alichuma majani mawili matatu, kisha akasema maneno ambayo nakuletea kama yalivyotoka.

"Dada yangu hajakataa chumba, maana hajawahi kuwa nacho. Kijengwe kwanza. Akitaka kukataa, aje akatae akiwa amekaa ndani yake."

Nisalimie sana binamu yangu na mkewe, na wajukuu wako wote, hasa yule kitindamimba anayeniita kwa simu halafu akakimbia. Mume wangu anakuamkia. Timazi pia amesema nikusalimu, ingawa hajawahi kukuona.

Timazi ana jambo moja, nalo ndilo limenikalisha mezani leo. Ukuta ameubomoa, msingi wako umekauka, na matofali yamefika kimo cha kiuno. Chumba cha Baba kina dirisha linalopokea jua la asubuhi. Ukikunjua kama shati, lako litatazama machweo, na Timazi hataki tena kudhania. Alimuuliza Baba. Baba akasema shati halina hiari, ila chumba kina mwenyewe, aulizwe huyo. Nikamvuta Timazi pembeni nikamwambia kwamba huenda mwenyewe asije kabisa. Alifuta mwiko wake, akafikiri, akasema basi atasimamisha upande ule hapo hapo kwenye kimo cha dirisha, na atasubiri neno lako.

Kwa hiyo Shangazi, chumba chako kimesimama kinasubiri. Kila jioni Baba anakwenda kusimama ndani yake, anageuka huku na huku akijaribu madirisha. Kama bado hutaki kurudi, sitakulaumu, lakini safari hii mpigie umwambie mwenyewe, hata mkipandishiana sauti. Mimi ujumbe huo siubebi tena. Na kama moyo umekulegea hata kidogo, usiandike barua ndefu. Andika tu dirisha litazame wapi.

Mungu akulinde, ayape magoti yako nguvu ya safari moja.

Wako akupendaye,
Mawazo