Gari Bovu na Pesa ya Desemba

Bi Nusaiba mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa nimeahidi kulipa pesa ambazo moyo wangu unaniambia nisilipe.

Mimi ni Mkenya wa miaka hamsini na sita, nafundisha takwimu chuo kikuu hapa Johannesburg, naishi Kensington peke yangu tangu mke wangu Jelimo arudi Eldoret miaka mitatu iliyopita kumuuguza mama yake aliyepooza, na mwanetu Sidney yuko Cape Town, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, tena upesi upesi kama mtu anayechelewa mahali. Jelimo alipoondoka nilinunua SUV ndogo iliyotumika, ya mwaka 2014, na waliowahi kununua magari ya namna hiyo wanajua, mwaka haukuisha: bushi za mbele zikalika, koili za plagi zikafa, rejeta ikapasuka barabarani, beringi ya gurudumu ikaanza kuvuma, jumla randi elfu kumi na moja. Yote aliyatengeneza André, fundi Mkongomani wa Bukavu anayefanyia kazi uani kwake, Bertrams.

Hapo ndipo nilipopotea. Wiki nzima kazini nasema Kiingereza, nyumbani sisemi kitu, lakini Jumamosi nikifika pale André yuko chini ya gari anapiga hadithi, mkewe Jeannine anatoa ugali na sombe, yale majani ya muhogo ya kwao, "Papa, karibu, tunakula," nami nakaa juu ya tairi nacheka mpaka nasahau saa. Gari likapona, nikaanza kulizulia magonjwa. Mara linagonga nyuma, mara breki zinalia. Mwezi wa sita André aliliendesha mpaka uwanja wa mpira na kurudi, akazima injini, akanitazama.

"Papa, motokari iko muzima. Ni weye uko na nini?"

Nikasema labda masikio yangu yanazeeka, nikamlazimisha achukue randi mia tatu, nikaondoka. Kwenye robot ya kwanza, kama wanavyoita taa za barabarani huku, ikawa kijani nami nimeshika usukani tu, mpaka teksi zikanipigia honi.

Sasa limeumwa kweli. Giaboksi inateleza, ukikanyaga mafuta injini inanguruma na gari haliendi. André hakunificha: ni randi elfu arobaini na mbili, zaidi ya nusu ya bei ya gari lenyewe. "Uza, papa. Nisikuibie." Nikamwambia atengeneze. Pesa niliyo nayo ni ile niliyoiweka mwaka mzima kwa safari ya nyumbani Desemba, na nilipomwambia Jelimo sitakuja kwa sababu ya gari, aliuliza, "Baba Sidney, hilo gari linaitwa nani?" Nikaanza kumweleza habari za giaboksi. Akakata simu.

Hakuna mwanamke, naapa. Lakini nikiliuza, Jumamosi nitakwenda wapi, na nikifika nitasema nimekuja kufanya nini? Nitengeneze au niuze?

K., Kensington

Ndugu K., uza. Habari ya gari imekwisha.

Fundi mwenye tamaa angezila elfu arobaini na mbili zako akakushukuru. Huyu amezikataa, na wewe unamlipa kwa kumtafutisha kelele ambazo hazipo! Tena alikuuliza waziwazi una nini. Ukampa noti.

Sikucheki. Najua siku inavyorefuka ukiwa hujatamka neno moja la lugha yako tangu asubuhi. Lakini mkeo naye yuko peke yake na mgonjwa, na sasa anaamini ana mke mwenza Johannesburg, kwa sababu umeona heri afikirie hivyo kuliko umwambie kwamba umechoka kula peke yako. Hilo ni kosa, baba, na ni lako.

Leo, si kesho, mpigie Jelimo umjibu swali lake. Mweleze habari za André na Jeannine na ule ua, na kwamba unakwenda kwa sababu nyumba imenyamaza. Atakasirika kwanza, mwache akasirike, usikate simu. Mkimaliza, kata tiketi ya Desemba saa hiyo hiyo. Gari liuze lilivyo, na mnunuzi umwambie giaboksi ni mbovu, usimrithishe mwenzako maradhi. Ukitaka jingine baadaye, usitoe hata senti kabla André hajaliendesha likiwa baridi na likiwa moto, na kuyaangalia mafuta ya giaboksi. Kwa kazi hiyo mlipe, ni haki yake.

Na Jumamosi hii nenda Bertrams kwa miguu, si mbali. Pitia buchani, ununue nyama umpelekee Jeannine. Wakikuuliza umefuata nini, sema umewafuata wao.